Arusha, Mji wa Mashauri

Asubuhi na mapema haisi za Maji ya Chai huwa zimeshajaa. Akina mama wenye matenga ya nyanya, wanafunzi, mafundi ujenzi na vibarua wa mashamba ya maua wanabanana vitini, konda anapiga bati, na gari linashika lami ya Moshi–Arusha kuelekea magharibi. Mkono wa kulia unasimama Mlima Meru, mita 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Watalii wengi hupita barabara hii usiku, wakitokea uwanja wa ndege wa KIA kwenda hotelini, na kesho yake wanaondoka kwenda Ngorongoro na Serengeti. Wanaijua Arusha kama mlango tu.

Mimi niliifuata barabara hii kwa sababu nyingine. Tangu mwaka 1967 Arusha imekuwa mji ambako watu wa mbali huja kupatanishwa, kusikilizwa na kuhukumiwa, na ni miji michache ya mikoani Afrika yenye historia kama hiyo. Lakini mashauri ya Arusha hayakuanzia kwenye majengo ya vioo. Yalianzia huku juu, kwenye ardhi ya Wameru na Waarusha, na ukitaka kuuelewa mji inabidi uuingie kwa upande huu.

Kwanza, maji. Mto wa Maji ya Chai unateremka kutoka Meru ukiwa na rangi ya kahawia, na rangi siyo tatizo lake kubwa. Meru ni volkano. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka, tope na mawe vikaporomoka hadi bondeni, na katika mabaki hayo yakatokea maziwa ya Momella. Mlima ulitoa dalili za mwisho za moto mwaka 1910. Majivu yake yameipa nchi hii udongo unaozaa kahawa, migomba na mboga mwaka mzima. Miamba hiyohiyo, hata hivyo, huachia madini ya floraidi ndani ya maji, na maji ya eneo hili yana floraidi nyingi mara kadhaa kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekua akiyanywa hupata meno ya kahawia. Akiyanywa kwa wingi na kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika, na wapo waliopinda miguu tangu utotoni. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande huongeza floraidi juu ya ile iliyomo majini.

Jirani na hapo, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi. Wataalamu wake wametumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa kwenye tanuri, husagwa kuwa chembechembe, kisha maji hupitishwa humo na floraidi hunaswa. Ni njia ya gharama nafuu inayoweza kufungwa nyumbani kwa ndoo. Mji wenyewe umechukua njia nyingine. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliogharimu shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulichimba visima hadi wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Mji uliokaa chini ya mlima wenye chemchemi tele umelazimika kwenda kutafuta maji mkoa wa jirani. Nadhani jambo hili linastahili kuandikwa mara nyingi kuliko habari za tembo.

Baada ya Usa River, penye mashamba ya maua na njia panda ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, barabara inapita Makumira, mahali pa chuo kikuu cha Walutheri. Juu yake, ubavuni mwa mlima, ipo Poli, nyumbani kwa Kirilo Japhet.

Habari yake inajulikana Meru yote, lakini nje ya Meru imesahaulika mno. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, ili mashamba hayo yapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha. Walimtafuta Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, nao wakamchagua Kirilo Japhet aende kusema. Mwaka 1952 watu hao wawili walisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na Waingereza waliishika kwa niaba ya umoja huo.

Kirilo hakuwa chifu wala mbunge. Alikuwa Mmeru aliyetumwa na wenzake. Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikupata kura za kutosha, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo serikali ya kikoloni iliona aibu mbele ya dunia, na Watanganyika waliona kwamba mkulima anaweza kumshitaki mtawala wake na akasikilizwa. TANU ilizaliwa miaka miwili baadaye, Julai 1954. Kirilo na Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo kilichotoka mwaka 1967.

Ukisogea mbele unakuta Akeri, na hapo historia inakuwa ya damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili Walutheri wa Leipzig, Karl Segebrock na Ewald Ovir, waliuawa hapo na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliowahesabu kuwa kitangulizi cha utawala wa Wajerumani. Hawakukosea kuhusu utawala. Kapteni Kurt Johannes alikuja na askari wake kutoka Moshi, vijiji vikachomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakachukuliwa. Machi 2, 1900 Wajerumani waliwanyonga watu 19 huko Old Moshi. Mangi Meli wa Wachaga ndiye anayekumbukwa zaidi, lakini miongoni mwao walikuwamo pia viongozi kutoka Meru na Arusha. Mabaki ya baadhi ya watu waliouawa zama hizo yalisafirishwa Ujerumani kwa ajili ya makusanyo ya makumbusho, na familia zao zinaendelea kudai yarudi. Hilo nalo ni shauri, na lina zaidi ya miaka 120.

Tengeru ni kelele. Jumatano na Jumamosi ndizo siku zake za soko, na ukipita siku hizo utaona barabara imemezwa na ndizi, parachichi, mitumba, kuku, sufuria na bodaboda. Ukiacha soko ukashuka kuelekea ziwa Duluti na chuo cha mifugo, unafika kwenye makaburi yaliyopangwa kwa mistari, yenye misalaba na majina ya Kipolandi.

Makaburi hayo yanapita 140. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mamia kwa maelfu ya Wapolandi waliswagwa na Wasovieti hadi Siberia na Asia ya Kati. Walipoachiwa walipitia Uajemi, na sehemu yao ikaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Kambi ya Tengeru ilianza mwaka 1942, ikawa kubwa kuliko kambi zote za Wapolandi barani Afrika: watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijenga shule, kanisa na hospitali, wakalima bustani zao. Vita vilipokwisha nchi yao ilikuwa imeingia katika himaya ya Wasovieti, na wengi waliondoka kwenda Uingereza, Kanada na Australia. Sioni sababu ya habari hii kukosekana kwa watoto wetu wanaosoma kilomita mbili tatu kutoka pale. Leo, tunapozungumza juu ya wakimbizi, tunasahau kwamba Ulaya nayo ililetwa hapa ikiwa haina pa kukaa, na Meru ikaipokea.

Kuanzia Tengeru lami inakuwa ya njia nne hadi Sakina, na mji unaanza kukusanyika: gereji, hoteli, vyuo, maduka ya vifaa vya ujenzi. Sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Arusha na watu 416,442. Sensa ya 2022 ikahesabu 617,631. Ongezeko la watu 200,000 katika miaka kumi linaonekana kwa macho: mashamba ya kahawa yamekuwa viwanja, na Moshono, Olasiti na Kwa Mrombo, zilizokuwa pembeni, sasa ni sehemu za mji zenye foleni zao.

Katikati ya mji, juu ya barabara ya Boma, lipo jengo jeupe la Wajerumani lililokamilika mwaka 1900. Waarusha na Wameru ndio waliolijenga, kwa kulazimishwa, muda mfupi baada ya vijiji vyao kuchomwa. Sasa ni makumbusho ya elimu viumbe. Hatua chache tu nyuma yake yanasimama majengo matatu marefu ya AICC, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, yenye majina ya Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti. Yalijengwa yawe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, iliyoanza rasmi Desemba 1967. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Majengo yakafunguliwa mwaka uliofuata, mwenyewe akiwa ameshakufa.

Kwa hiyo yakageuzwa kuwa mahali pa kuzungumzia mambo ya wengine. Agosti 4, 1993 serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini mkataba wa amani hapa Arusha. Miezi minane baadaye, Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakaanza. Novemba mwaka huohuo Baraza la Usalama liliunda mahakama ya kimataifa ya kuwashitaki wahusika, na mahakama hiyo ikawekwa palepale Arusha, katika majengo ya AICC. Watu 93 walishitakiwa. Septemba 2, 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alikuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na hukumu yake ndiyo ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji hayo. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyoendesha mauaji, alihukumiwa kifungo cha maisha baada ya kukiri. Wanasheria wa dunia nzima husoma hukumu hizo. Kijana wa mtaa wa Sanawari aliyekuwa akichuuza nje ya geti siku ile hakufundishwa darasani kilichoamuliwa ndani.

Mahakama hiyo ilifungwa Desemba 31, 2015, na kazi zilizobaki zikahamia chombo kingine cha Umoja wa Mataifa chenye jengo lake Lakilaki, nje kidogo ya mji. Warundi nao walipatanishwa Arusha: Mwalimu Nyerere aliyaongoza mazungumzo hadi alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akayapokea, na mkataba ukasainiwa Agosti 28, 2000. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliosainiwa mji huuhuu Novemba 30, 1999, na sasa ina nchi nane, kuanzia Somalia hadi Kongo.

Mnara wa Saa upo mwisho wa barabara ya Boma, na wenyeji watakuambia kwamba hapo ndipo katikati ya Cape Town na Cairo. Ukichukua ramani utaona hawajaenda mbali: Cape Town ipo karibu nyuzi 34 kusini, Cairo nyuzi 30 kaskazini, na nusu yake inaangukia nyuzi 2 kusini. Arusha ipo nyuzi 3 na kidogo. Zaidi ya picha, mnara hauna mengi. Niliupita nikafuata barabara ya Makongoro hadi Kaloleni.

Kaloleni ndiyo roho ya habari hii kwa Mtanzania. Katika ukumbi mdogo wa mtaa huo, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa kuanzia Januari 26 hadi 29, 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa Februari 5. Siku iliyofuata mabenki yalitaifishwa. Watu hukumbuka mabenki na vijiji vya ujamaa, lakini sehemu iliyowauma wakubwa ilikuwa miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 chama, kilichokuwa CCM wakati huo, kilikutana Zanzibar kikailegeza miiko hiyo. Leo ukumbi ni Makumbusho ya Azimio, yaliyofunguliwa mwaka 1977, na mbele yake upo mnara wenye mwenge. Ni makumbusho madogo yenye picha nyingi na wageni wachache. Yanastahili foleni. Hata asiyekubaliana na Ujamaa anapaswa kusimama mahali ambapo viongozi wa nchi walikaa wakajiwekea mipaka ya mali.

Mji wa mkoani unaweza kuitikisa nchi nzima. Timișoara, magharibi mwa Romania, si mji mkuu, na sensa ya 2021 iliukuta na watu 250,849, chini ya nusu ya watu wa Arusha. Lakini maandamano yaliyoanzia huko Desemba 16, 1989 yalisambaa hadi Bucharest, na kabla mwezi haujaisha Nicolae Ceaușescu alikuwa ameng'olewa na kuuawa. Arusha ilifanya ya kwake kwa kikao na karatasi, nayo iliigeuza Tanzania kwa miaka mingi.

Uwanja wa mpira ulio jirani na Kaloleni una jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, yule aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi. Jina limekaa vizuri katika mji huu, maana vijana wake nao ni watu wa vina. X Plastaz walitoka hapa, wakachanganya hip-hop na sauti za Kimaasai hadi wakapanda majukwaa ya Ulaya. Joh Makini na G Nako wa Weusi ni wa hapa. Muziki wao umekulia Unga Limited, Kijenge na Ngarenaro, mitaa ya wapangaji, mafundi na wachuuzi. Unga Limited imetokana na kiwanda cha unga, na kuzunguka hapo unaona Arusha ya viwanda, vingine vikifanya kazi, vingine vimekaa kimya kama General Tyre, kiwanda cha matairi kilichokuwa fahari ya nchi. Reli nayo ilikaa kimya. Treni kutoka Tanga ilifika Arusha mwaka 1929, ikaja kusimama kwa miaka mingi, na abiria wakarudi kuipanda Oktoba 2020. Madalali wa tanzanite walikuwa wakifanya biashara mtaani, mawe yakitoka Mererani, mahali pekee duniani yanakochimbwa. Yaligunduliwa, ndiyo, mwaka 1967.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa barabara ya Dodoma, ndani ya eneo la makao makuu ya TANAPA. Humo imepanga Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyohamia Arusha kutoka Addis Ababa mwaka 2007. Hukumu yake ya kwanza juu ya kiini cha kesi ilitolewa Juni 14, 2013, na mshitakiwa alikuwa Tanzania. Mchungaji Christopher Mtikila na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika walidai haki ya mgombea binafsi, wakashinda. Chaguzi za 2015 na 2020 zilifanyika bila mgombea binafsi.

Mtikila aliweza kufika pale kwa sababu mwaka 2010 Tanzania ilikuwa imetia saini tamko linaloruhusu raia na asasi kuishitaki moja kwa moja. Novemba 2019 serikali ililiondoa tamko hilo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa rasmi kwa kesi mpya. Ni uamuzi unaoniuma, hasa nikiutazama kutoka Poli, ambako Wameru wasio na kura walichanga senti zao wamfikishe mwenzao New York. Mkulima wa Malawi aliyemaliza ngazi zote za mahakama kwao anaweza kuleta shauri lake Arusha na likapokelewa. Mkulima wa Maji ya Chai, aliye umbali wa haisi mbili, haruhusiwi, na kinachotakiwa ili aruhusiwe ni serikali yake kuliweka tena tamko ililoliondoa.